Miguu isiyo na wenyewe: kisa cha kuainisha inzi wa miguu mirefu kando ya Ghuba ya Mwanza

Usuli

Kisa hiki kilitokea ndani ya mradi wa kufuatilia mbu katika vijiji vya wakulima wa mpunga kando ya Ghuba ya Mwanza. Majina ya taasisi, vijiji na wahusika yameondolewa, na baadhi ya mambo yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa, lakini mfuatano wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa. Wahusika ni wanne: msaidizi wa maabara aliyeajiriwa na mradi, ambaye hapa ataitwa Msaidizi, msimamizi wake, ambaye ni mtaalamu wa wadudu mwenye umri mkubwa na ambaye maabara nzima ilimwita Mwalimu, mtafiti mgeni aliyekuja kushirikiana na mradi kwa msimu, na mama mmoja mkulima ambaye majaruba yake yalitegwa mitego.

Mradi ulitumia mitego ya taa, yaani taa ndogo yenye feni inayovuta wadudu na kuwaingiza katika kikombe cha wavu. Kila asubuhi mbu walichambuliwa kwa jinsia na spishi, na wadudu wengine wote wakamiminwa katika mtungi ulioandikwa “Wengineo”. Katika mtungi huo walikuwamo inzi wa ziwani, wale wanaoibuka kwa mamilioni karibu na mwezi mwandamo na kuwalazimisha wakazi wa Mwanza kufunga madirisha, na pamoja nao inzi wakubwa wembamba wenye miguu mirefu ambao watu wengi huwaita mbu wakubwa na kuwapulizia dawa kwa hofu isiyo na sababu. Hao wa mwisho ndio kiini cha kisa hiki.

Inzi hawa ni wa familia ya Tipulidae na familia tatu zilizo karibu nayo, Limoniidae, Pediciidae na Cylindrotomidae. Hawafyonzi damu kwa sababu hawana mrija wa kutoboa ngozi. Mabawa yao hayana magamba yanayofuata mishipa kama ya mbu. Na juu ya kifua wana mshono wenye umbo la herufi V ambao ukiuona mara moja chini ya hadubini hutamchanganya tena mdudu huyu na mbu wala na inzi wa ziwani. Spishi zilizokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya 15,000, na zaidi ya 11,000 kati ya hizo zilielezwa na mtu mmoja, Mmarekani Charles Paul Alexander, aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1981. Ukigawanya kazi hiyo kwa takriban miaka 70 aliyoandika, kila spishi ilipata chini ya siku tatu. Jambo hilo lina uzito katika kisa hiki, kwa kuwa yeyote anayetaka kuainisha inzi wa miguu mirefu wa Afrika Mashariki lazima apitie maelezo ya Alexander, ambayo mara nyingi ni mafupi na yametokana na vielelezo vichache alivyotumiwa na wakusanyaji.

Upande wa Tanzania kulikuwa na msingi wa zamani zaidi. Msafara wa Kiswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na Paul Speiser akaeleza inzi wake mwaka 1909. Hata hivyo wadudu wa mlimani hawawezi kuchukuliwa kuwa ndio wa majaruba ya ziwani, na ukanda wa Mwanza ulibaki bila orodha ambayo Msaidizi angeweza kuifungua na kuanzia hapo.

Mfuatano wa mambo

Msaidizi aliwagundua inzi hawa wakati wa masika, alipokuwa akiosha mitungi ya “Wengineo” ili itumike tena. Aliomba ruhusa ya kuwahifadhi, Mwalimu akaikubali kwa sharti kwamba kazi ya mbu isicheleweshwe. Kwa hiyo kila usiku wa mtego ulipata mtungi wake mmoja wenye spiriti ya asilimia 70, na inzi wote wa usiku huo, wadogo kwa wakubwa, wakawekwa pamoja. Lebo iliandikwa kwa kalamu ya wino nje ya mtungi.

Inzi wa miguu mirefu huachia mguu kwa urahisi mno pale unapoungana na mwili, na hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya ndege na buibui. Feni ya mtego ilikuwa imekwisha kung’oa miguu mingi kabla spiriti haijamaliza kazi iliyobaki. Baada ya wiki chache chini ya kila mtungi kulikuwa na tabaka la miguu, mingine yenye pete nyeusi kwenye paja, mingine myeupe kwenye ncha, na hakukuwa na njia ya kujua upi ulikuwa wa nani. Spiriti iliyomwagika wakati wa kufungua mitungi ilifuta wino wa lebo kadhaa, na kwa mitungi ya vijiji viwili jirani haikuwezekana tena kusema kwa uhakika upi ulitoka wapi.

Pamoja na hayo Msaidizi alianza kuwapanga, na alifanya hivyo kwa kile kilichobaki kizima, yaani mabawa. Alipata makundi saba, akayapa herufi kuanzia A hadi G. Kundi F lilitambuliwa haraka kuwa Conosia irrorata, spishi iliyopewa jina na Wiedemann mwaka 1828, yenye vidoa vidogo vilivyotapakaa kwenye bawa, ambayo huishi kwenye maeneo ya majimaji kuanzia Afrika hadi Asia na Australia. Kuikuta kwenye mpunga hakukumshangaza mtu yeyote. Kundi D lilikuwa la inzi wa manjano wanaong’aa wenye michirizi myeusi kifuani, wazi kuwa ni jenasi ya Nephrotoma. Makundi A na B yalikuwa na vielelezo vichache vilivyoharibika na hayatazungumziwa zaidi. Yaliyobaki ndiyo yaliyoleta mjadala: C, inzi wakubwa wenye mabaka ya kijivu na kahawia kwenye mabawa, wote majike, E, wakubwa vilevile lakini wenye mabawa yaliyopauka, madume isipokuwa jike mmoja, na G, wadogo wa rangi ya vumbi ambao hakuna aliyewatilia maanani.

Mtafiti mgeni alipoliona kundi C alisema papo hapo kwamba ni spishi mpya. Alikuwa amepitia machapisho ya kutosha kujua kwamba mpangilio ule wa mabaka haulingani na maelezo yoyote aliyoyakumbuka, naye hakuwa mtu wa kubabaisha. Rasimu ya makala ikaanza kuandikwa, picha za bawa zikapigwa, na jina likapendekezwa, linalotokana na ziwa.

Mwalimu aliisoma rasimu hiyo, akaizuia.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kutotaja jina kwanza, haukutokana na kanuni, kwa sababu Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama haimkatazi mtu kueleza spishi kwa jike mmoja asiye na miguu. Kwa jina lililochapishwa baada ya mwaka 1999 inataka kielelezo kimoja kiteuliwe waziwazi kuwa holotaipu, yaani kielelezo rasmi kinachobeba jina la spishi, na pasemwe kitahifadhiwa katika mkusanyo gani. Yote mawili yangetimizwa kwa siku moja. Sababu za Mwalimu zilikuwa za kazi yenyewe. Katika inzi hawa, na hasa katika jenasi ya Tipula ambamo C ilionekana kuingia, spishi zinazofanana kwa mabawa hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume kwenye ncha ya tumbo, na maelezo ya zamani ya Afrika yamejengwa juu ya viungo hivyo. Jike peke yake halilinganishiki na spishi iliyoelezwa kwa dume peke yake. Kwa hiyo, kusema kwamba C hailingani na chochote kilichochapishwa kulikuwa kweli, lakini ni ukweli usiothibitisha kitu. Sababu ya pili ilikuwa kwamba mtungi wenye jike lililokuwa zuri kuliko wote ulikuwa miongoni mwa ile iliyofutika lebo, na holotaipu isiyojulikana imetoka kijiji gani ingekuwa mzigo kwa kila atakayefuata.

Mtafiti mgeni alijibu kwamba muda wake nchini ulikuwa unaisha na fedha za safari zilikuwa na tarehe yake, hoja ambayo si ya kudharauliwa hata kidogo. Walikubaliana kwamba aondoke na nakala ya picha, rasimu ibaki, na vuli itumike kutafuta madume.

Uamuzi wa pili ulihusu jinsi ya kukusanya. Mtego wa feni uliachiwa kazi ya mbu. Msaidizi alianza kutembea na wavu wa mkono machweo na alfajiri, kwenye matete, mafunjo na nyasi za kingo za majaruba, na kila inzi aliwekwa peke yake katika bahasha ya karatasi iliyokunjwa pembetatu, na tarehe, mahali na mmea aliokutwa vikiandikwa kwa penseli kabla mdudu hajaingizwa. Mguu ukikatika hubaki ndani ya bahasha ya mwenyewe. Mguu mmoja wa kila kielelezo uliwekwa katika ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba, kwa kuwa ile ya 70 huacha DNA ivunjike. Kwa mdudu huyu ni sampuli rahisi kuliko zote, maana mara nyingi anakuachia mguu huo kabla hujauomba.

Uamuzi wa tatu ulizaliwa shambani. Msaidizi alikuwa akizoa matope ya ndani ya majaruba, akiamini kwamba mabuu yamo majini kama ya mbu, mama mwenye shamba akamwambia: “Mwanangu, hao mbu wenu wakubwa hawatoki majini. Chimba hapa kwenye tuta, nilipolimia juzi nimewaona wanachomoza.” Alikuwa sahihi. Kwenye udongo wenye unyevu wa matuta, pamoja na mizizi na majani yanayooza, kulikuwa na mabuu ya kijivu yenye ngozi ngumu, ambayo nyuma yana kisahani cha kupumulia kilichozungukwa na vindewe vya nyama. Yalichukuliwa pamoja na udongo wao hadi maabara, yakawekwa kwenye beseni lililofunikwa kwa kipande cha chandarua kikuukuu.

Baada ya majuma kadhaa, madume ya E na majike ya C yalitoka katika beseni moja. Msaidizi alitaka kufunga hoja hapo. Mwalimu akakataa tena, akisema beseni moja linaweza kuwa na spishi mbili, na kwamba kukaa pamoja si kuwa wamoja. Ndipo kila buu likahamishiwa katika kikopo chake cha mtindi chenye udongo na matundu kwenye kifuniko. Pupa wa inzi hawa, yaani mdudu aliye katika hatua ya kati ya buu na mdudu kamili, mwenye pembe mbili fupi za kupumulia, hujisukuma mpaka nusu ya mwili ikatokeza juu ya udongo kabla mdudu kamili hajachomoka, na ganda hubaki limesimama hapo kama msumari uliopigiliwa nusu. Kila ganda lilitolewa kwa koleo ndogo na kuwekwa katika bahasha moja na inzi aliyetoka ndani yake.

Vikopo vilitoa jibu ambalo beseni lisingeweza. Maganda ya C na ya E hayakutofautiana isipokuwa kwa ncha ya jinsia. Jambo la pili halikutarajiwa: majike yaliyouawa asubuhi ile ile ya kuchomoka yalikuwa na mabawa yaliyopauka kama ya E, na yale yaliyoachwa mpaka kesho yake yalikuwa na mabaka kamili ya C. Jike mmoja aliyekuwa akisumbua ndani ya E alikuwa mchanga tu, ambaye rangi yake haikuwa imekomaa aliponaswa.

Kundi G lilishughulikiwa mwishoni, karibu kwa bahati. Kwa vile vifaa vya kupasua vilikuwa tayari mezani, Mwalimu alimwagiza Msaidizi ajizoeze kwa hao wadogo kabla hajagusa madume makubwa. Ncha ya tumbo hukatwa, hulowekwa katika haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10 hadi nyama iyeyuke, kisha huoshwa na kuangaliwa ndani ya tone la gliserini ili iweze kugeuzwa kila upande. Madume ya G kutoka kwenye majaruba yalikuwa na koleo la nje, yaani kiungo ambacho dume humshikia jike, fupi na nene. Madume yaliyokusanywa chini ya majabali, pale maji yanapochirizika juu ya mwamba wenye utelezi wa mwani na kuvu, yalikuwa na koleo refu lililojikunja, lenye miiba miwili ambayo wale wengine hawakuwa nayo. Mabawa yao hayakutofautiana kwa jambo lolote ambalo jicho liliweza kulishika.

Matokeo

Makundi C na E yaliunganishwa kuwa spishi moja. Uthibitisho wa nyongeza ulitoka pande mbili: jozi iliyonaswa ikiwa bado imeungana kwenye jani la matete, na kipande cha jeni ya COI chenye jozi za besi 658 hivi, kile kinachotumika sana kutambua spishi tangu Paul Hebert na wenzake walipokipendekeza mwaka 2003. Miguu ilipelekwa nje kwa kibali. Iliyotoka kwenye ethanoli ya asilimia 96 ilisomeka, na ile ya mitungi ya mwanzo haikusomeka. Mtunzaji wa mkusanyo mmoja wa Ulaya alituma picha za dume la aina, yaani kielelezo rasmi cha spishi iliyoelezwa zamani, lililohifadhiwa huko, na koleo zake zililingana na za E kwa kila mwiba. Spishi hiyo ilikuwa na jina tangu zamani, iliyoelezwa kwa dume kutoka upande mwingine wa ziwa, na jike wake hakuwa ameelezwa. Rasimu ya spishi mpya ikafutwa, ikageuzwa kuwa maelezo ya jike, buu na pupa.

Kundi G liligawanywa mara mbili. Lile la majaruba lililingana na mchoro wa zamani. Lile la majabalini halikulingana na mchoro wowote wala picha yoyote iliyopatikana, na ndilo linaloandaliwa kuelezwa sasa. Holotaipu itabaki katika mkusanyo wa nchini, na baadhi ya parataipu, yaani vielelezo vingine vinavyotajwa pamoja na holotaipu, zitakwenda nje ili zisipotee zote kwa ajali moja.

Mtafiti mgeni hakufurahi, na ushirikiano ule haukuendelea.

Uchambuzi

Waliosikia kisa hiki kwa kawaida hukieleza kama kisa cha subira dhidi ya haraka ya kupata sifa. Kwa maoni yangu maelezo hayo yanamwonea mtafiti mgeni na yanaficha tatizo lenyewe. Hata kama rasimu ingesubiri miaka, mitungi ya mwanzo isingetoa jibu, kwa sababu kilichoharibika ndani yake ni uhusiano: mguu na mwili wake, mdudu na mahali pake, dume na jike wake. Karibu kila lililofanikiwa baadaye lilikuwa namna ya kuzuia vitu vilivyo pamoja visitengane. Bahasha ilifanya hivyo kwa miguu, penseli kwa mahali, na kikopo cha mtindi kwa buu, ganda na inzi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji fedha ambazo mradi haukuwa nazo siku ya kwanza.

Kupanga kwa mabawa hakukuwa kosa kama hatua ya mwanzo, kwani mishipa ya bawa ndiyo inayofikisha mtu kwenye jenasi, na Alexander mwenyewe alihifadhi mabawa kwa wingi kwenye vioo vya hadubini. Kasoro ilikuwa kuyapa mabaka uzito sawa na mishipa. Mishipa haibadiliki mdudu akishakamilika, ilhali mabaka hukomaa kwa saa kadhaa, hutofautiana kwa jinsia, na hufifia ndani ya spiriti. Makundi yale yalipanga umri na jinsia yakidhani yanapanga spishi, na papo hapo yakaficha spishi mbili za kweli ndani ya herufi moja. Picha ya rangi ya mdudu akiwa hai ingepunguza utata huo, na simu ilikuwapo mfukoni tangu mwanzo.

Kuhusu vinasaba, matarajio yalikuwa makubwa kuliko uwezo wake. Kipande cha COI kilithibitisha kwamba C na E ni wamoja, lakini hakikutaja jina, kwa kuwa hifadhidata ina rekodi chache mno za inzi wa miguu mirefu wa Afrika zilizotambuliwa na mtaalamu. Jina lilitoka kwenye kielelezo kilichokaa kabatini kwa miongo mingi, kikiwa na ncha ya tumbo na lebo yake. Anayepanga kazi ya namna hii asitenge fedha za maabara ya vinasaba na kusahau muda wa kuandikiana na watunza mikusanyo, ambao katika kisa hiki walichukua miezi kujibu lakini walijibu.

Neno la mkulima linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko linavyoangaliwa katika ripoti za namna hii, ambazo humtaja kwa shukrani mwishoni tu. Msaidizi alikuwa na elimu ya mbu, na elimu hiyo ndiyo iliyompeleka majini. Mama alijua tuta. Hakujua jinsi buu linavyopumua, lakini alikuwa ameona maganda yakichomoza mahali fulani katika msimu fulani, na taarifa hiyo haikuwamo katika chapisho lolote walilolisoma. Uamuzi wa kulea mabuu ulitegemea taarifa hiyo, na uamuzi huo ndio uliookoa kazi yote ya C na E. Angeulizwa tangu masika, pengine msimu mzima ungeokolewa.

Lawama ninayoiona kwa Mwalimu ni moja. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba inzi hawa huangusha miguu na kwamba wino hufutika kwenye spiriti, na bado aliruhusu mtungi mmoja kwa usiku kwa sababu kazi ile haikuwa kazi rasmi ya mradi. Ukali wake wa baadaye ulikuwa wa haki, lakini sehemu ya hasara iliyousababisha ilitokana na ruhusa aliyoitoa bila maelekezo.

Kuna jambo moja ambalo bado halijatatuliwa. Madume ya G kutoka majabalini yanatambulika kwa miiba ya koleo, lakini majike yao na ya majarubani hayatofautiani kwa kiungo cha kutagia mayai wala kwa bawa, na baadhi ya michirizi ya maji ya majabalini iko umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye mpunga. Majike waliokwisha kukusanywa wameandikwa kwa jina la jenasi peke yake, na hakuna atakayeingizwa miongoni mwa parataipu mpaka vikopo vya mabuu kutoka kwenye mwamba vitoe majike yaliyoandamana na maganda yao.